Tanzania: Moyo wenye mapigo yasiyo sawa unapofika chumba cha upasuaji

Mgonjwa anayelazwa kwa ajili ya upasuaji mjini Kigoma, kama yule anayelazwa Bujumbura au Uvira, huogopa mambo mawili: kisu na usingizi. Wengi huogopa usingizi zaidi. Wazee wa Tanzania hadi leo huuita nusukaputi, neno ambalo sehemu yake ya pili inasadikiwa kuachwa na Wajerumani, na jina lenyewe linaeleza hofu iliyopo: aliyelazwa kwa dawa hiyo amekwisha fika nusu ya njia ya kufa.

Kwa mtu mwenye moyo mzima, hofu hiyo ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Kwa mtu ambaye mapigo ya moyo wake hayaendi kwa mpangilio, hali ni tofauti. Dawa nyingi zinazomlaza mgonjwa hugusa pia moyo wake. Nyingine huuharakisha, nyingine huupunguzia mwendo, nyingine hulegeza mishipa hadi shinikizo la damu likaporomoka. Moyo mzima huyastahimili mageuzi hayo. Moyo wenye kasoro huenda usiyastahimili, na mtaalamu wa usingizi ambaye hakuambiwa habari za kasoro hiyo, wala hakuitafuta, hukutana nayo wakati mgonjwa amekwisha lala na daktari wa upasuaji ameshika kisu mkononi.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Amri ya kila pigo hutoka katika kifundo kidogo kilichomo kwenye chumba cha juu cha kulia. Kutoka hapo umeme mdogo husambaa, vyumba viwili vya juu hujibana na kusukuma damu chini, kisha baada ya kitambo kifupi sana vyumba viwili vya chini hujibana na kuipeleka mapafuni na mwilini. Kasoro za mwenendo huu ni nyingi. Kuna moyo unaopiga polepole kupita kiasi kwa sababu amri hukatika njiani. Kuna unaokwenda mbio ghafla na kutulia ghafla. Iliyoenea kuliko zote zinazodumu ni ile ya vyumba vya juu kupapatika: badala ya kujibana kwa pamoja, vinatetemeka zaidi ya mara 350 kwa dakika, na vyumba vya chini hupokea amri zilizovurugika. Anayeshika kifundo cha mkono wa mgonjwa wa namna hii husikia mapigo yasiyofuata hesabu yoyote, moja kubwa, jingine dogo, moja limewahi, jingine limechelewa.

Ugonjwa wa vijana

Ulaya na Marekani, mpapatiko huo ni maradhi ya wazee. Katika Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa ya wanaoupata ni vijana, na chanzo chake mara nyingi ni koo lililouma utotoni. Bakteria wa koo wasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili huanza kushambulia viungo vya mwili na moyo. Valvu za moyo huvimba, kisha hupata makovu. Valvu iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto ndiyo inayoumia zaidi. Taratibu hujifunga, kama mlango ambao bawaba zake zimeshika kutu, na damu iliyokosa njia hukitanua chumba cha juu mwaka hadi mwaka mpaka umeme wake ukavurugika.

Utafiti wa kimataifa uitwao REMEDY uliwaandikisha wagonjwa 3,343 wa maradhi haya katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali ziyape maradhi haya uzito, jambo lililochelewa, kwa kuwa penisilini inayozuia koo kugeuka maradhi ya moyo imekuwepo tangu miaka ya 1940.

Kwa mtaalamu wa usingizi, takwimu hizo zina maana moja iliyo wazi. Mgonjwa wake mwenye moyo usiokwenda sawa huenda asiwe mzee wa miaka 75 mwenye jalada nene la hospitali. Huenda akawa msichana aliyetembea kwa miguu hadi kituo cha afya, asiyejua kwamba ana maradhi ya moyo, na aliyeletwa kwa jambo lingine kabisa. Jambo hilo lingine, mara nyingi, ni uzazi.

Mama mjamzito na uamuzi wa saa moja

Na achukuliwe kwa mfano mama wa miaka 26 anayefikishwa usiku katika hospitali ya wilaya, mimba ikiwa ya miezi tisa, mtoto amekaa vibaya na uchungu umeendelea kutwa nzima. Anahema haraka. Waliomsindikiza wanasema ni uchovu. Inaamuliwa afanyiwe upasuaji.

Mimba huongeza damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo hulazimika kuisukuma yote. Mwenye valvu iliyojifunga hawezi. Kwa mtu mzima mwenye afya, tundu la valvu hiyo lina eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Likishuka hadi 1.5 au chini ya hapo, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Damu inayopenya tundu dogo inahitaji muda, na muda huo hupatikana kati ya pigo na pigo. Mapigo yakienda mbio, muda unapotea. Chumba cha chini hujibana kabla hakijajaa, shinikizo la damu linashuka, na damu iliyobaki nyuma inarudi mapafuni. Mapafu hujaa maji. Mpapatiko ukiongezeka juu ya hayo, msukumo wa chumba cha juu, ambao ulikuwa msaada wa mwisho, nao unakoma.

Hospitali za wilaya katika ukanda huu huwa na njia mbili kuu za usingizi, na zote mbili zimeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Ya kwanza ni ketamini. Dawa hii hupendwa vijijini kwa sababu za haki: haizuii mgonjwa kupumua kama dawa nyingine zinavyofanya, haiangushi shinikizo la damu, na inaweza kutolewa mahali ambapo umeme hukatika. Lakini inauharakisha moyo. Kwa mama huyu, sifa inayoifanya ketamini kuwa rafiki wa hospitali ndogo ndiyo inayoigeuza kuwa adui. Ya pili ni ganzi ya uti wa mgongo. Mgonjwa hubaki macho na hahitaji kuingizwa mpira kooni, ila ganzi hiyo ikitolewa kwa sindano moja hulegeza mishipa yote ya chini kwa dakika chache. Shinikizo la damu linaanguka, na moyo uliozibwa mlango hauna namna ya kufidia kwa kusukuma damu zaidi.

Kuna njia ya katikati. Ganzi ya mgongoni inaweza kutolewa kidogo kidogo kwa mrija mwembamba ulioachwa mahali pake, ili mwili upate nafasi ya kuzoea. Shinikizo likishuka, dawa inayofaa zaidi ni fenilefrini, ambayo hubana mishipa bila kuuharakisha moyo. Efedrini, ambayo ndiyo hupatikana kwa urahisi zaidi, hubana mishipa na kuongeza mbio za moyo kwa wakati mmoja. Ikilazimu mama alazwe usingizi kamili, mtaalamu humpa kwanza dawa kali ya maumivu ya jamii ya fentanili, ili mpira unapopita kooni moyo usishtuke. Yote haya yanahitaji dawa ambazo hazipo katika kila kabati na mikono iliyozizoea. Hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu: kumsafirisha mama kwa saa kadhaa hadi hospitali ya rufaa huku mtoto akichoka tumboni, au kumhudumia palepale kwa kilichopo. Hakuna kitabu kinachoweza kutoa jibu moja kwa usiku wote wa namna hiyo. Linaloweza kusemwa ni kwamba mama huyu alihudhuria kliniki ya wajawazito miezi kadhaa kabla, na kushika kifundo cha mkono wake kwa dakika moja nzima kungetosha kuzusha shaka. Uamuzi ungefanyika mchana, na Bugando iliyoko Mwanza ingepigiwa simu mapema.

Maswali ya kabla ya kisu

Kwa upasuaji usio wa dharura, kazi kubwa ya mtaalamu wa usingizi hufanyika siku kadhaa kabla ya mgonjwa kuvuliwa nguo. Kinachotangulia ni mazungumzo. Mama, moyo huwa unakwenda mbio bila sababu? Mzee, umewahi kuanguka na kupoteza fahamu? Unapanda ngazi au mlima wa nyumbani bila kusimama? Usiku unalala kwa mito mingapi? Katika familia kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana? Swali hili la mwisho linaudhi, na wapo wanaolikwepa kwa kuona linaita balaa, lakini baadhi ya kasoro za umeme wa moyo hurithiwa, na mwenye kasoro hizo anaweza kudhuriwa na dawa za kawaida tu, hata ile ya kuzuia kutapika ambayo hupewa wagonjwa wengi baada ya upasuaji.

Halafu hufuata dawa. Mgonjwa huulizwa anameza nini, na hapo wengi hutaja za hospitali na kunyamazia za kienyeji, ilhali zote zinahitajika. Anayetumia dawa za kupunguza mbio za moyo, kama vile atenololi au bisoprololi, kwa kawaida huendelea nazo hadi asubuhi ya upasuaji, kwa kuwa kuziacha ghafla huufanya moyo urudi mbio kwa kishindo. Kuzianza siku hiyohiyo kwa mtu ambaye hakuwa akizitumia ni jambo jingine. Utafiti wa POISE, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wagonjwa 8,351, ulionesha kwamba kuanza metoprololi kwa dozi kubwa saa chache kabla ya upasuaji kulipunguza mshtuko wa moyo, lakini vifo viliongezeka kutoka asilimia 2.3 hadi 3.1, na kiharusi kiliongezeka maradufu. Madaktari wengi walikuwa wakiamini kinyume chake.

Digoksini, dawa ya kale iliyotokana na mmea ambao daktari Mwingereza William Withering aliueleza kwa maandishi mwaka 1785, bado inatumika sana katika ukanda huu. Ni nzuri kwa mpapatiko, ila nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni nyembamba. Mgonjwa anayeitumia pamoja na furosemidi ya kukojoza maji hupoteza potasiamu. Akitapika siku mbili kwa sababu ya utumbo uliojifunga hupoteza zaidi. Potasiamu ikishuka, digoksini huwa sumu, na mapigo huvurugika upya. Ndiyo maana mtaalamu makini huomba damu ipimwe chumvichumvi hizo na kurekebishwa hata kama daktari wa upasuaji ana haraka.

Katika nyanda za juu upo pia ugonjwa wa rovu. Wakati mwingine tezi hiyo ya shingoni hutoa homoni kupita kiasi na kuutia moyo mpapatiko. Mgonjwa wa namna hii hukondoka, hutetemeka mikono na hutoka jasho penye baridi. Kumpasua rovu kabla ya kuituliza tezi kwa dawa, kwa majuma kadhaa ikibidi, ni kukaribisha dhoruba ambayo mashine yoyote ya usingizi haiwezi kuizima.

Dawa ya kuzuia damu kuganda

Chumba cha moyo kinachopapatika huacha damu itulie katika pembe zake, na damu iliyotulia huganda. Bonge likichomoka na kwenda kichwani, huleta kiharusi. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa mpapatiko hutumia dawa za kuzuia damu kuganda. Nchi tajiri zimehamia kwenye dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu mara kwa mara. Wenye valvu iliyojifunga kwa maradhi yaliyotokana na koo, hata hivyo, wanabaki na dawa ya zamani, warfarini: utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuwahusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24, ulikuta kwamba waliopewa warfarini walipata madhara machache na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani. Ni mojawapo ya mara chache ambapo dawa ya bei nafuu imeishinda ya bei ghali mbele ya macho ya dunia nzima.

Lakini warfarini ni dawa yenye masharti. Nguvu yake hufuatiliwa kwa kipimo kinachojulikana hospitalini kwa herufi INR, na hubadilika kwa chakula. Mtu aliyezoea kula nyama na ugali, akihamia kwa ndugu wanaokula sombe na lengalenga kila siku, hushusha nguvu ya dawa bila kujua, kwa kuwa mboga za majani mabichi zina vitamini K kwa wingi. Hakatazwi mboga, anaombwa asizile kwa wingi leo na kuziacha kabisa kesho.

Upasuaji unapopangwa, warfarini husimamishwa siku tano kabla, na INR hupimwa ili ihakikishwe imeshuka. Jambo hili humhusu mtaalamu wa usingizi kwa namna ya pekee. Sindano ya ganzi ikipita mgongoni kwa mtu ambaye damu yake haigandi, damu inaweza kuvuja na kukusanyika kuzunguka uti wa mgongo, ikaugandamiza, na mgonjwa akaamka miguu imekufa. Hapo awali ilikuwa desturi kumchoma mgonjwa sindano za heparini katika siku hizo tano ili asibaki bila kinga. Utafiti wa BRIDGE wa mwaka 2015, uliowafuatilia watu 1,884, ulionesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa mpapatiko sindano hizo hazikupunguza kiharusi, bali ziliongeza kuvuja damu kutoka asilimia 1.3 hadi 3.2. Wenye valvu bandia za chuma hawakuwa ndani ya kundi hilo, na kwao shauri huamuliwa mtu kwa mtu.

Upasuaji ukiwa wa dharura, hakuna siku tano. Vitamini K huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Majimaji ya damu yaliyogandishwa hufanya kazi haraka, mradi hospitali inayo. Ndugu wanaomleta mgonjwa na kusahau kusema kwamba anatumia warfarini wanaiacha timu nzima gizani.

Usingizini

Hofu ya kwamba dawa ya usingizi inaweza kuusimamisha moyo ina historia. Tarehe 28 Januari 1848, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki karibu na Newcastle, Uingereza, alipopewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Dawa hiyo ilikuwa imeanza kutumika miezi miwili tu iliyotangulia. Ilichukua zaidi ya miaka 60 mpaka daktari Goodman Levy, mwaka 1911, alipoonesha kwa majaribio ya wanyama kwamba klorofomu kidogo pamoja na adrenalini huweza kuupapatisha moyo mpaka kifo. Usingizi usiokolea, hofu na maumivu vilitosha kuitoa adrenalini hiyo mwilini.

Klorofomu imekwisha toweka. Halotani, iliyoanza kutumika mwaka 1956 na ambayo imetumika katika hospitali nyingi za Afrika, ina tabia hiyohiyo kwa kiwango kidogo: huufanya moyo uwe mwepesi wa kushtushwa na adrenalini. Daktari wa upasuaji akidunga adrenalini nyingi penye ngozi ili kupunguza damu, bila kumwambia mwenzake aliyeko kichwani mwa mgonjwa, mapigo yanaweza kuvurugika papo hapo. Ganzi ya bupivakaini nayo ni salama mahali pake. Ikipenya kwa bahati mbaya ndani ya mshipa kwa wingi huulemaza moyo, na dawa inayosaidia kuuamsha, ajabu kidogo, ni mafuta maalumu yanayotiwa kwenye damu.

Mapigo yakibadilika katikati ya upasuaji, mtaalamu mzoefu hakimbilii dawa ya moyo. Kwanza hutafuta sababu. Je, oksijeni inafika? Mgonjwa anapumua vya kutosha? Usingizi umepungua na anahisi maumivu? Anavuja damu mahali pasipoonekana? Amepata baridi? Mara nyingi sababu hupatikana hapo, na ikiondolewa mapigo hurudi. Wakati mwingine sababu ni mkono wa daktari wa upasuaji mwenyewe. Mtoto anayenyooshwa makengeza anaweza kushuka mapigo ghafla msuli wa jicho unapovutwa, na tiba ya kwanza ni neno moja: achia. Moyo ukienda mbio huku shinikizo la damu likianguka, ndipo hutumika mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Mashine hiyo inapaswa kuwa imejaribiwa asubuhi, si kutafutwa stoo wakati huo.

Lipo pia kundi dogo linaloongezeka la watu wenye betri ya moyo, kama inavyoitwa Tanzania, yaani kifaa kilichopachikwa chini ya ngozi ya kifua ili kuuongoza moyo uliozembea. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa kifaa hicho ndani ya mwili, Msweden Arne Larsson, alikiwekewa mwaka 1958 na akaishi hadi 2001. Tatizo lake katika chumba cha upasuaji ni kisu cha umeme kinachotumika kuziba mishipa midogo. Kifaa huweza kuudhania umeme huo kuwa ni mapigo ya moyo, kikanyamaza. Kwa aina nyingi za betri hizo, sumaku ikiwekwa juu ya kifua hukifanya kifaa kipige kwa hesabu yake bila kusikiliza chochote. Kwa vifaa vyenye uwezo wa kushtua, sumaku kwa kawaida huzima mshtuko tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa kadi ya kifaa chake na kutakiwa aende nayo kila mahali.

Wataalamu wachache, barabara ndefu

Shirikisho la dunia la vyama vya wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa usingizi kwa kila watu 100,000. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 na kuzihusisha hospitali 247 katika nchi 25, ulikuta kwamba madaktari bingwa wa upasuaji, wa uzazi na wa usingizi wakijumlishwa wote walikuwa 0.7 tu kwa idadi hiyo ya watu. Takwimu za akina mama waliojifungua kwa upasuaji katika utafiti huohuo zilionesha vifo karibu mara 50 ya vile vya nchi tajiri. Katika hospitali nyingi anayetoa usingizi ni muuguzi au afisa tabibu aliyesomea kazi hiyo, na wengi wao wameibeba kwa uhodari mkubwa bila mtu wa kumuuliza usiku wa manane.

Tanzania ilianzisha Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mwaka 2015, katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, na wagonjwa kutoka nchi jirani hufika huko pia. Uganda ina taasisi yake ya moyo huko Mulago, iliyoanza mwaka 1988 na kupewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 2016. Nchini Rwanda, madaktari wa shirika la Team Heart wamekuwa wakifika Kigali tangu mwaka 2008 kufanya upasuaji wa valvu na kufundisha. Lakini kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mgonjwa anayekwenda kupasuliwa ngiri au kujifungua hafikirii taasisi ya moyo. Anafikiria hospitali iliyo karibu.

Kwa mama wa miaka 26, hatari haimaliziki mtoto anapolia. Mfuko wa uzazi unapojibana, damu iliyokuwa ndani yake hurudishwa kwa wingi katika mzunguko, na moyo hupokea mzigo mkubwa kuliko ule wa wakati wa uchungu. Oksitosini ya kuzuia kuvuja damu hutiwa polepole kwenye maji ya mshipani, kwa kuwa ikisukumwa kwa mkupuo mmoja huangusha shinikizo na kuuharakisha moyo. Ergometrini huepukwa, kwa sababu hubana mishipa ya mapafu. Anahitaji kuangaliwa kwa karibu siku mbili au tatu, akiwa ameinuliwa kichwa, oksijeni ikiwa karibu na mtu wa kumhesabia mapigo usiku. Damu ikishakoma kuvuja, huanzishiwa heparini, kisha warfarini. Warfarini haifai katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, kwa kuwa huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, na mama huelezwa hilo kabla ya kufikiria mimba nyingine. Kwenye maziwa haipiti kwa kiasi cha kudhuru. Anaruhusiwa kunyonyesha, na huondoka na tarehe ya kurudi kupimwa INR na ya kupigwa picha ya moyo, ili ijulikane kama valvu yake inaweza kupanuliwa kwa puto au itabidi ibadilishwe.